Mjerumani wa Mohoro Aliyeupinga Utawala wa Kwao

Kila ifikapo Februari taifa letu huwakumbuka mashujaa wa Majimaji pale Songea, na ndivyo ipasavyo. Tarehe 27 Februari, 1906, Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi na wapiganaji 67 kwa siku moja, kisha wakawafukia pamoja. Sisi wa huku Mbozi na Tunduma moto wa vita vile haukutuunguza kama ulivyowaunguza ndugu zetu wa Ungoni, Umatumbi na Rufiji, lakini kumbukumbu ile ni yetu sote. Leo tumeonelea kuandika juu ya mtu mmoja wa vita hivyo ambaye hatajwi katika hotuba wala katika maonyesho. Hakuwa jumbe, hakuwa mganga, wala hakuwa mpigania uhuru. Alikuwa Mjerumani, naye aliwapiga watu wetu risasi. Jina lake Hans Paasche.

Tunatambua kwamba wako wasomaji watakaohoji kwa nini safu hii itoe nafasi kwa askari wa mkoloni. Swali hilo ni la haki, na hatukusudii kulikwepa. Tunaomba tu lisubiri mpaka habari yenyewe iwe imesemwa.

Kwanza tukumbushane jinsi sisi na watu wa Visiwani tulivyojikuta ndani ya habari za Wajerumani. Mpaka ambao watumishi wa forodha na uhamiaji wanaulinda hapa Tunduma, na ule unaofuata Mto Songwe kuelekea Ziwa Nyasa, ulichorwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai, 1890. Mkataba huo huo ndio uliowaweka Unguja na Pemba chini ya ulinzi wa Uingereza, na kwa malipo yake Ujerumani ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Mpemba na Mnyamwanga walikuwa hawajapata kuonana, lakini waligawanywa kwa kalamu moja, siku moja, na watu ambao hawakumjua huyu wala yule.

Wakati kalamu ile ikiandika, Hans Paasche alikuwa mtoto wa miaka tisa. Alizaliwa Rostock, mji wa pwani ya kaskazini ya Ujerumani, tarehe 3 Aprili, 1881. Baba yake, Hermann Paasche, alikuwa profesa wa uchumi, tena mwanasiasa mkubwa aliyefikia cheo cha makamu wa rais wa Bunge la Ujerumani. Nyumba hiyo ilikuwa ya watu walioamini ukubwa wa taifa lao, na kwao koloni lilikuwa jambo la fahari na la faida. Kijana akaingia jeshi la majini mwaka 1899. Mwaka 1904 alipangwa kwenye manowari iliyoitwa Bussard, nayo ikamleta katika pwani yetu.

Julai 1905 watu wa Nandete katika milima ya Matumbi walikwenda kung'oa pamba ya serikali, na vita vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji na moyo wa umoja, alikamatwa mapema akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Serikali ya Gavana von Götzen haikuwa na askari wa kutosha, ikawashusha mabaharia kutoka manowarini. Miongoni mwao alikuwemo Luteni Paasche, kijana wa miaka 24. Alipelekwa Mohoro na askari wachache akakabidhiwa kazi ya kuituliza Rufiji.

Hapa inafaa tuseme wazi maana ya kazi ile. Mahali pa vita, mbali na Dar es Salaam, afisa wa namna hiyo alikuwa ndiye serikali. Ndiye aliyeamua kijiji gani ni adui na kipi ni rafiki, nani akamatwe na nani aachwe, chakula cha nani kichukuliwe. Paasche aliifanya kazi hiyo. Aliongoza mapigano kando ya mto Rufiji, watu waliotegemea maji ya dawa wakaanguka mbele ya bunduki zake, na wakubwa wake wakampa nishani kifuani. Yeyote atakayeisimulia habari yake kwa kuiruka sehemu hii atakuwa amewadhulumu marehemu wa Rufiji mara ya pili.

Lakini mtu yule alikuwa na tabia moja ambayo ni hatari kwa kila mtumishi wa dhuluma, nayo ni kutazama. Alijifunza Kiswahili, na hakukitumia kwa kutoa amri tu, alizungumza. Aliona kwamba watu aliotumwa kuwatuliza walikuwa na mashamba, na adabu zao, na sababu zao. Akaona pia jinsi vita vinavyoendelea hata baada ya wapiganaji kushindwa. Jeshi la Wajerumani lilikuwa limekwisha kutambua kwamba njaa huua kwa wingi kuliko risasi; kwa hiyo maghala yakachomwa, mazao yakaharibiwa, watu wakafukuzwa mashambani wakati wa kupanda. Wajerumani wenyewe walikadiria baadaye watu 75,000 waliokufa. Wako wanahistoria waliofikisha hesabu hiyo hadi 250,000 na 300,000, na wengi wao hawakufa vitani bali kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Paasche alianza kuzungumza na waliotaka kurudi majumbani mwao kwa amani, bila kungoja ruhusa kutoka juu. Wakubwa hawakupendezwa. Kwao amani iliyoletwa na luteni kwa mazungumzo haikuwa amani. Waliyoitaka ni ile inayoletwa na kitanzi. Akaondolewa Rufiji.

Tungependa kuandika kwamba aliporudi kwao alikuwa mtu mwingine, lakini sivyo. Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya safari zake, jina lake Im Morgenlicht, yaani Katika Nuru ya Asubuhi. Kina vita, kina uwindaji, kina picha za wanyama, na msomaji wa leo ataona humo macho ya afisa wa kikoloni ambaye bado hajajua afanye nini na yale aliyoyaona. Toba ya kweli mara nyingi huwa na mwendo wa kobe. Alianza na mambo ya nafsi yake: akaacha pombe kabisa, akawa mpinzani wa uwindaji wa kuangamiza wanyama na ndege kwa ajili ya mapambo. Mwaka 1908 alimwoa Ellen Witting, binti wa mtu aliyepata kuwa meya wa mji wa Posen, na mwaka 1909 akaacha utumishi wa jeshi la majini. Badala ya kustarehe Ulaya, bibi na bwana walikuja Afrika Mashariki wakafanya safari ndefu ya 1909 na 1910 kuelekea vyanzo vya Mto Nile. Safari hii hakuja na askari wa kupigana.

Katika Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe, kiko kisiwa cha Ukara. Wenyeji wake wanasifika tangu zamani kwa ukulima wa bidii: hufuga ng'ombe zizini, huweka samadi, hawaachi kipande cha ardhi bila kazi. Sijui ni Wajerumani wangapi wa zama zile waliojua hata jina la kisiwa hicho. Paasche alilichukua jina hilo akalitia katika kazi iliyompa umaarufu. Kuanzia mwaka 1912, katika gazeti la Der Vortrupp aliloliongoza pamoja na Hermann Popert, alichapisha barua za msafiri wa kubuni aitwaye Lukanga Mukara, yaani Lukanga mtu wa Ukara. Msafiri huyo ametumwa na mfalme wa Kitara kwenda kuichunguza Ujerumani na kuandika anayoyaona.

Watu wa bara na visiwani tumezoea kuandikwa. Wazungu walipita huku na madaftari, wakapima vichwa vyetu, wakahesabu wake zetu, wakaandika kuwa sisi ni wavivu. Mtu wa Ukara wa Paasche anageuza daftari. Anawatazama Wasungu, kama anavyowaita, na kushangaa kwa upole wa mgeni mwenye adabu. Anaona watu wanaovuta moshi na kuutoa tena mdomoni. Wanawake wanaojibana viuno kwa nguo ngumu mpaka wasipumue. Wanaume wanywao pombe si kwa kiu bali kwa desturi. Miji inayojaa moshi. Watu wanaokimbia mchana kutwa wasiweze kueleza wanakimbilia wapi. Na hesabu, hesabu za kila kitu. Kisha anaona kuwa watu hawa ndio wanaojiona wametumwa kuwastaarabisha wengine. Wajerumani walicheka waliposoma. Wenye akili waliacha kucheka katikati.

Tunakiri kwamba Mwafrika yule ni wa kubuni na kwamba kalamu iliyomwandika ni ya Mzungu. Mtu wa Ukara halisi hakuulizwa. Hata hivyo, mwaka 1912 utawala wa Kaisari ulikuwa na makoloni, na mtu aliyekuwa afisa wa koloni akathubutu kusema hadharani kwamba mtawaliwa anaweza kumpima mtawala na kumkuta amepungua. Hilo halikuwa jambo dogo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Paasche alirudi jeshini. Alidanganyika kama walivyodanganyika mamilioni, akidhani nchi yake inajitetea. Hakuchukua muda kuuona uwongo. Mwaka 1916 alitakiwa kukaa kama hakimu katika kesi ya baharia mmoja aliyeshitakiwa kwa makosa ya kisiasa, akakataa kukaa. Akafukuzwa jeshini.

Tutazame kidogo kitendo hicho, maana kwa maoni yetu ndicho kitovu cha maisha yake, ijapokuwa hakikuwa na kishindo. Hakushika bunduki dhidi ya mtu, wala hakutoa hotuba. Kiti kilikuwa tayari, muhuri ulikuwa tayari, na hukumu, tunadhani, nayo ilikuwa tayari. Kilichohitajiwa ni mtu wa kukikalia kiti ili dhuluma ipate sura ya sheria. Yeye hakutaka kuwa mtu huyo. Miaka kumi na mmoja nyuma, Mohoro, alikuwa amekubali. Ndugu zetu walio katika utumishi wa umma, wanaoshika mihuri mipakani, mahakamani na maofisini, watatuelewa bila sisi kurefusha maneno. Amri nyingi za dunia hii hazitekelezwi na wakatili. Hutekelezwa na watu wa kawaida waliokwisha kuketi.

Akajitenga katika shamba lake la Waldfrieden, mashariki ya Ujerumani, akaendelea kueneza maandishi ya kupinga vita. Kulikuwa na wafungwa wa vita wa Kifaransa waliofanya kazi shambani. Aliwatendea kama wageni wake, akasherehekea pamoja nao sikukuu ya taifa lao ya tarehe 14 Julai. Mwaka 1917 serikali ikamkamata kwa shtaka la uhaini. Shtaka hilo lingeweza kumpeleka kwenye kifo, lakini kwa heshima ya ukoo wake ilionekana afadhali atangazwe kuwa na ugonjwa wa akili, akafungiwa katika hospitali ya wenye maradhi hayo mjini Berlin. Tawala nyingi zimeitumia njia hiyo tangu zamani: asemaye kweli asipotiwa gerezani hutiwa wazimu.

Tarehe 9 Novemba, 1918, mapinduzi yalipolipuka Berlin na Kaisari akaanguka, mabaharia wa mapinduzi walikwenda wakamtoa. Akachaguliwa katika halmashauri kuu ya mabaraza ya wafanyakazi na askari, na huko akataka wale walioanzisha vita wakamatwe wahukumiwe. Hakusikilizwa.

Novemba hiyo hiyo ina historia yake katika ardhi yetu. Jenerali von Lettow-Vorbeck, baada ya kuzunguka Msumbiji, alikuwa amerudi kuvuka Ruvuma mwishoni mwa Septemba, akapita Ubena, akaizunguka Nyasa kwa kaskazini na kukatiza nchi hii ambayo tangu 2016 ni Mkoa wa Songwe. Mwanzoni mwa Novemba aliishambulia boma ya Waingereza ya Fife, ng'ambo tu ya mpaka kutoka hapa Tunduma. Tarehe ile ile ya tisa, Paasche alipokuwa akifunguliwa mlango Berlin, askari wa mbele wa Lettow waliingia Kasama. Tarehe 25 Novemba jenerali aliweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala. Katika njia yote hiyo mizigo ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi wa Kiafrika, na chakula kilitoka katika vihenge vya wanavijiji ambao vita havikuwa vyao. Homa kuu ya mwaka ule ikawafuata nyuma.

Machi 1919 Lettow-Vorbeck alipokewa Berlin kwa maandamano ya shujaa. Machi ya mwaka uliofuata aliunga mkono majenerali waliojaribu kuipindua jamhuri kwa silaha. Akaishi hadi 1964, na jina lake likapewa mitaa na kambi za jeshi nchini kwao, ingawa katika miaka ya karibuni mengi ya majina hayo yamefutwa. Vitabu juu ya ujanja wake wa vita vinajaza rafu. Paasche naye aliijua Tanganyika, alikula chakula chake, alizungumza lugha yake. Hakupata mtaa wala maandamano.

Ellen alifariki Desemba 1918 kwa homa ile ile kuu, akamwachia watoto wanne. Paasche akaondoka Berlin akarudi shambani kuwalea na kuandika. Mwaka 1919, wakati Wajerumani karibu wote, wa kulia na wengi wa kushoto pia, walikuwa wakilia kwamba Mkataba wa Versailles umewanyang'anya makoloni yao, yeye alitoa kitabu kidogo kiitwacho Das verlorene Afrika, yaani Afrika Iliyopotea. Hakuililia Afrika hiyo. Alieleza kwamba roho ya kijeshi iliyoipoteza Ujerumani ndiyo ile ile aliyoiona ikifanya kazi barani Afrika. Kingine cha mwaka huo kilikuwa juu ya sehemu yake mwenyewe katika hatia ya vita vya dunia. Tumesoma maandishi mengi ya maafisa wa kikoloni waliostaafu. Huandika juu ya mvua, chui na utumishi wao mwema. Wanaoandika juu ya hatia yao wenyewe ni wachache mno.

Tuliopitia chuoni kabla ya shule ya serikali tulifundishwa kuwa mwenye kutubu hana budi aache kosa, alijutie, aazimie kutolirudia, na kama amemdhulumu mtu, amrudishie haki yake. Paasche aliyatimiza yale matatu, tena kwa gharama. La nne hakulitimiza, na hakuwa na njia ya kulitimiza: waliokufa Rufiji hawakurudi, na waliobaki hawakupata hata senti moja kutoka kwa taifa lake. Hilo ndilo jibu letu kwa yule aliyehoji mwanzoni. Hatumwiti Paasche shujaa wa Majimaji. Mashujaa hao wana majina yao. Tunamwandika kwa kuwa alikuwa shahidi kutoka upande wa pili, na ushahidi wake uliwaudhi wenye nguvu kiasi cha kumuua.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Machi 1920 kushindwa, majeshi ya mrengo wa kulia yaliendelea kuwasaka wapinzani wao. Mtu mmoja akapeleka habari kwamba Waldfrieden kumefichwa silaha za wakomunisti. Tarehe 21 Mei, 1920, wanajeshi zaidi ya hamsini kutoka mji wa Deutsch Krone waliizunguka nyumba. Paasche alikuwa ziwani, karibu na nyumbani, pamoja na watoto wake. Askari polisi wa eneo lile, mtu aliyemfahamu, alikwenda kumwita kwamba anatakiwa nyumbani. Akatoka majini akafuatana naye. Alipowaona wanajeshi akageuka akimbie, wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 39. Nyumba ikapekuliwa, silaha hazikuonekana.

Uchunguzi ulifanywa, ukafungwa. Ilisemwa kuwa ni bahati mbaya. Hakuna aliyefikishwa mbele ya hakimu. Mshairi Kurt Tucholsky alimwandikia shairi la maombolezo, na mwanahesabu Emil Julius Gumbel akaliingiza jina lake katika orodha aliyoichapa mwaka 1922 ya mauaji ya kisiasa yaliyotokea Ujerumani tangu 1918. Gumbel alihesabu mauaji 354 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kulia, na 326 kati ya hayo yalipita bila adhabu. Ya mrengo wa kushoto yalikuwa 22, na kumi kati ya waliohukumiwa kwa ajili yake waliuawa kwa sheria. Hesabu hiyo ilitolewa miaka kumi na mmoja kabla ya Hitler kushika madaraka. Watu husema Hitler aliwashtukiza Wajerumani. Mahakimu wao walikuwa wamemfagilia njia siku nyingi.

Hermann Paasche, baba, alifariki mwaka 1925. Hitler alipotawala mwaka 1933, watoto wa Hans walihesabiwa kuwa na damu ya Kiyahudi kwa upande wa mama yao. Mwanawe Joachim alimwoa Maria Therese, binti wa Jenerali Kurt von Hammerstein, mkuu wa jeshi aliyemchukia Hitler na kuacha ukuu huo mwaka 1934. Binti huyo alikuwa akiendesha pikipiki hadi Prague kuwasaidia waliokuwa wakisakwa na Wanazi. Wawili hao wakaihama Ujerumani, mwaka 1935 wakafika Japani, wakakaa huko vita vyote, na mwaka 1948 wakahamia Marekani.

Waldfrieden si ya Ujerumani tena. Mipaka ya Ulaya nayo ilichorwa upya mwaka 1945, na mahali pale sasa ni Zalesie, katika nchi ya Poland. Kaburi la Paasche lingali huko, msituni.